Meseji ya Pili

Nilikuwa na chumba cha stesheneri Tunduma, karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Wateja wakipungua, nilijaribu programu. Kulikuwa na saraka ya mtandaoni iliyoendeshwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Mtu aliweka humo moduli, yaani kipande cha programu alichokiandika, wengine wakakichukua bure, na sisi wajaribu tukakiendesha kwenye mashine zetu na kuandika tulichokiona. Hatukujuana sura.

Moduli moja ilituma meseji za simu. Zahanati moja ya pale mjini iliitumia kuwakumbusha wagonjwa, kwa majina yao, siku za kuchukua dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na kompyuta yao ilijichukulia matoleo mapya yenyewe kila mtandao ulipopatikana. Mwandishi wa moduli alitangaza kwamba amechoka, akaiacha kwa mtu mpya. Huyo alikuwa mpole na alijibu maswali haraka. Tulimshukuru.

Mchana mmoja wa mvua nilijaribu toleo lake. Nilijitumia neno moja tu, "Habari". Salio likapungua kama nimetuma meseji mbili. Nikarudia, ikawa vilevile. Nilipofungua moduli na kuisoma mstari kwa mstari, nilikuta namba ya simu imefichwa katikati, inaanza na namba za Zambia. Kila meseji ilikwenda kwa mgonjwa, na nakala yenye namba yake ikaenda huko.

Nikampigia muuguzi wa zahanati.

"Dada, chomoa modemu kwenye kompyuta sasa hivi."

Nikamweleza.

"Kuna mama mmoja wa kijiji cha Ndalambo," akasema. "Juzi aliniuliza nani kampa mganga namba yake. Mtu anampigia, anamjua kwa jina, anajua na siku yake ya dawa. Anamwambia ana dawa ya kumaliza ugonjwa kabisa. Nikadhani ni majirani wamemsema."

Nikaipiga ile namba. Ikapokelewa. Nilisikia pumzi za mtu na malori yakinguruma, kama yale yaliyokuwa mbele ya mlango wangu. Nikakata.

Niliandika kwenye saraka, na wajaribu wa nchi nyingine wakathibitisha. Moduli iliondolewa kabla jua halijazama. Yule mtu mpya hakujibu tena. Lakini majina yalikuwa yameshatoka, na hakuna aliyejua yamefika kwa nani. Siku za dawa benchi la zahanati likaanza kubaki na nafasi. Muuguzi aliwapigia wagonjwa, wengi hawakupokea. Ningekuwa mimi, nisingepokea pia.

Mama wa Ndalambo aliletwa na kaka yake kwa pikipiki, amekonda, hawezi kusimama. Kwenye mkoba wake kulikuwa na chupa ya maji meusi aliyouziwa. Dawa zake alikuwa ameacha tangu alipoanza kuyanywa.

Alirudishiwa dawa, akapata nafuu polepole. Siku ya kuruhusiwa nilikuwapo, nilikuja kutazama kompyuta. Muuguzi alimwomba namba ya simu.

"Simu nimeuza," akajibu, akijifunga kanga. "Ukinihitaji, njoo nyumbani. Uje mwenyewe."