Mdomo wa Mbuke na Keki ya Elieth

Wapo watu pale Mwakitolyo, na si walevi wote, wanaoapa kwamba Mbuke aliwahi kupuliza mchanga akiwa amekasirika, na kuku wa kule Segese wakakimbilia ndani wakidhani mvua inakuja. Mwingine atakuambia alizima moto wa jirani bila kuinuka kwenye kigoda chake. Punguza nusu, halafu punguza nusu nyingine. Kitakachobaki ni kweli: mialo yote ya kuoshea dhahabu upande ule haikuwa na mdomo kama wa Mbuke.

Kazi yake ilikuwa ya mwisho. Mawe yakishatolewa shimoni, yakasagwa kwenye karasha na kuoshwa mwaloni, hubaki mchanga mweusi wa kujaa kifuniko cha sufuria, na dhahabu imejificha humo kama chawa kwenye blanketi. Mbuke aliukausha mchanga huo kwenye moto wa mkaa, akapitisha sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, halafu akakunja midomo na kupuliza. Fuu, fuu, fuu. Mchanga ukaenda zake, dhahabu ikabaki imelala.

Wapulizaji wezi walijulikana kwa midomo yao. Mtu analowesha mdomo kwa ulimi, anainama karibu mno, vumbi la dhahabu linamnata, kisha anajilamba kama paka aliyetoka kwenye maziwa. Akifika nyumbani anatemea kwenye kitambaa. Mbuke hakutaka mtu amtazame kwa jicho hilo hata siku moja. Kabla ya kazi alijifuta mdomo kwa pindo la khanga hadi ukauke kabisa, akaubana ukawa kitundu cha kupitisha sindano ya magunia, akapulizia kwa mbali. Miaka ishirini na saba alibana hivyo. Ongeza jua la mwaloni, ambalo halina huruma hata kwa jiwe. Ongeza sigara, alizozivuta kama mama yake alivyomfundisha, upande wa moto ukiwa ndani ya kinywa ili upepo usizimalize. Ongeza meno manne ya mbele ya juu, yaliyomhama moja moja kama wapangaji walioichoka nyumba.

Basi alipofika miaka hamsini na tisa, mdomo wake ulikuwa umezungukwa na makunyanzi yaliyosimama wima, juu na chini, yamepangana kama marinda ya gauni la komunyo. Wala hakujali. Kioo chake kilikuwa kimoja tu, cha pikipiki, na alikishika pale tu mchanga ulipomwingia jichoni.

Alianza kujali siku wakwe walipokuja. Binti yake wa pekee, Elieth, alikuwa amechumbiwa na Festo, kijana wa Ushirombo, na mama yake Festo, Epifania, alikuja na ndugu zake kupanga siku ya harusi. Epifania alikuwa mwanamke nadhifu, rozari shingoni, mdomo umejaa na kunyooka kama wa msichana. Aliketi mkabala na Mbuke. Tangu maji ya kunawa hadi mifupa ya kuku, macho yake hayakuondoka kwenye mdomo wa mwenyeji wake.

Wageni walipoondoka, Elieth akaeleza ratiba. Baada ya kanisa wataingia ukumbini, na huko bibi harusi atawalisha wazazi keki, mmoja mmoja, mbele ya watu wote, mtu wa video akisogeza kamera karibu.

"Karibu kiasi gani?" Mbuke akauliza.

"Karibu tu, mama. Ili watu wa nyuma nao waone kwenye skrini."

"Skrini yenyewe kubwa?"

"Kama mlango huo."

Mbuke akautazama mlango. Akauona mdomo wake umeujaza wote, marinda kwa marinda, kutoka bawaba hadi komeo.

Wiki hiyohiyo alipanda gari na shoga yake Paskazia hadi Katoro sokoni, kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akichanganya mkorogo nyuma ya meza ya mitumba na kuuuza kwenye makopo yasiyo na jina. "Paka hii," yule mwanamke akasema. "Wiki mbili tu, wakwe watauliza mama wa bibi harusi yuko wapi, wakuone wewe ndiye dada yake."

Mbuke akapaka siku tatu. Makunyanzi hayakusogea. Ndipo akili yake, iliyokulia mwaloni, ikamletea wazo ambalo mtu wa Dar es Salaam asingelipata hata angelala nalo kitanda kimoja.

"Paskazia," akasema, "zebaki ikitiwa kwenye mchanga inafanya nini?"

"Inakamata dhahabu."

"Dhahabu iliyokuwa imetawanyika inakuwaje?"

"Inakuwa donge moja."

"Haya. Ngozi yangu si imetawanyika? Ikikamatwa itakuwaje?"

Paskazia akafikiri, akaona hoja imenyooka kuliko barabara ya lami. "Mama Elieth," akasema, "wewe ungesoma ungekuwa waziri."

Zebaki ilipatikana kwa mchimbaji aitwaye Mayala, kiasi cha kutua kwenye kizibo cha soda, na Mayala hakuuliza ya nini. Mbuke akaikoroga kwenye kopo la mkorogo kwa kijiti, akawa anapaka asubuhi na jioni. Siku ya kwanza alisikia joto akafurahi, akajua dawa imeingia kazini. Siku ya nne mdomo ukawaka. Siku ya sita ukavimba kama andazi, ngozi ikawa inabambuka, na kinywani akawa anasikia ladha ya misumari.

Siku hiyo hiyo Mayala akaja na mchanga wake. Mbuke akakaa kwenye kigoda, akajaribu kubana midomo. Haikubanika. Akapuliza hivyohivyo. Badala ya fuu ikatoka pfaaa, kama tairi la tela, na kila kilichokuwa kwenye kifuniko kikaruka majivuni, mchanga na dhahabu pamoja.

Mwaloni mtu amevunjwa meno kwa dogo kuliko hilo. Mayala aliyatazama majivu, akamtazama Mbuke, akamwona machozi yamesimama juu ya mdomo ule uliovimba.

"Majivu yatachekechwa," akasema. "Wewe panda pikipiki, mama. Twende kwa daktari."

Njia nzima Mbuke alikuwa akitunga uongo wake. Tabibu wa kituo cha afya, kijana mpole aitwaye Sostenes, alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba mwanangu, akaendelea bila kupumzika: "Nimeumwa na nyuki."

"Pole sana, mama. Nyuki wangapi?"

"Kundi zima, na malkia wao."

"Wamekuuma kwa kuzunguka mdomo tu, hawakugusa pua wala shavu?"

"Ni nyuki wa siku hizi, wamesoma."

Mayala akakohoa mlangoni. "Mwambie, mama. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, maana zebaki ni yangu."

Mbuke akatoa kopo kwenye fundo la khanga. Sostenes alipolifunua, aliona vitone vyeupe vinateleza kwenye mkorogo kama macho ya samaki. Akalifunga upesi, akalitia kwenye mfuko, akafungua madirisha yote. Akamwosha Mbuke mdomo kwa maji mengi na sabuni, kwa mikono yenye glavu, taratibu, kama anayeosha mtoto mchanga.

"Sikiliza, mama," akasema. "Zebaki haichagui cha kukamata. Inapita kwenye ngozi, na mvuke wake unaingia kwenye pumzi. Ikishaingia inakwenda kwenye figo, inakwenda kwenye ubongo, mikono inaanza kutetemeka. Na hilo kopo lenyewe, hata kabla hujaongeza yako, huenda lilikuwa na zebaki tayari, au dawa kali inayoifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya sigara. Ndiyo maana serikali imeyakataza makopo ya namna hii."

Akapima mkojo wake, akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa Mwanza kwa vipimo zaidi. Mbuke alikwenda, akachomwa sindano za damu na kumwambia muuguzi kwamba damu yake ina dhahabu, aichuje vizuri. Majibu yakatoka: figo ni nzima, damu inahitaji kuangaliwa tena baada ya muda, lakini amewahi. Aliporudi alipita kwa Sostenes kabla hajafika nyumbani, akapiga goti mbele ya meza. "Wabeja, mwanangu," akasema, kwa Kisukuma chake, kwa sababu shukrani yenyewe ilikataa kutoka kwa Kiswahili. "Wabeja sana."

"Inuka, mama, utaniletea laana."

"Sasa niambie. Makunyanzi haya kaniwekea nani?"

Sostenes akacheka. "Umejiwekea mwenyewe, ukasaidiwa na jua. Ngozi ni kama lastiki ya sketi. Ikivutwa kila siku mahali pamoja, inalegea. Wewe umebana mdomo kupuliza, umebana kuvuta sigara, na moshi wenyewe unaichosha ngozi kwa ndani. Miaka nayo imeongeza yake. Halafu meno. Mdomo unaegemea meno kama turubai linavyoegemea miti. Ukiondoa miti, turubai linajikunja."

"Yanafutika?"

"Kufutika kabisa, hapana. Yapo ya kuyapunguza. Daktari wa ngozi ana krimu zake, zinataka miezi mingi na uangalizi, na kwenye hospitali za mijini wana sindano na mashine za mwanga. Lakini wewe kwanza uache sigara, uvae kofia pana mwaloni, na ngozi ikipona upake mafuta mepesi yasiyo na manukato. Kupuliza nako upunguze."

"Anunue pampu ya baiskeli," akasema Mayala, aliyemleta kwa pikipiki kutoka stendi na sasa amesimama mlangoni. Mbuke akamtazama kwa jicho la kukausha kisima, na Mayala akakumbuka ana kazi nje.

Uvimbe ukashuka. Lakini siku nne kabla ya harusi mdomo ulikuwa bado na mabaka mekundu, unabambuka pembeni, na marinda yote yako palepale kama yalivyoshonwa. Mbuke akamwita binti yake. Akamwambia atafika kanisani amejitanda khanga hadi machoni, atarudi nyumbani. Ukumbini hatakanyaga.

"Basi keki nimlishe nani?" Elieth akauliza. "Baba hayupo. Nimlishe kiti?"

"Mlishe shangazi yako."

Elieth hakubishana. Alikaa chini sakafuni akalia kama mtu aliyefiwa, na hilo lilimchoma Mbuke kuliko zebaki. Lakini hakubadilisha neno.

Kesho yake mchana bodaboda ikasimama mlangoni, akashuka Epifania, vumbi la safari limemfika kope. Elieth alikuwa amempigia simu mama mkwe wake. Epifania akaingia, akaomba mlango ufungwe wabaki wawili.

"Mama Elieth, mzazi mwenzangu," akasema, "nimekuja kuomba radhi kwa ajili ya macho yangu. Najua uliniona nikikukodolea."

"Nilikuona. Uliuhesabu mdomo wangu kama noti."

"Nilikuwa natazama unavyokula paja la kuku bila meno ya mbele, mbele za watu, bila hata kuinamisha uso. Nikasema moyoni, huyu mwanamke ni jasiri. Mimi siwezi."

"Huwezi nini, na mdomo wako huo wa kigori?"

Epifania akageuka ukutani, akaingiza vidole kinywani, akageuka tena. Mkononi ameshika safu nzima ya meno ya juu. Na ule mdomo uliojaa ukawa umeingia ndani, umejikunja pande zote, marinda yake yanawashinda ya Mbuke kwa wingi na kwa kina.

Mbuke akamsogelea, akauchungulia mdomo huo. Kisha akasema, "Mayu wee! Kumbe turubai!"

Walicheka mpaka Elieth akagonga mlango kuuliza kama kuna mgonjwa. Mbuke akataka kuyajaribu meno, akazuiwa. Ndipo Epifania akasema lililomleta. Keki ndiyo adui yake. Kwenye harusi ya mpwa wake meno yalinata kwenye keki yakatoka nayo, na padri akaona. Tangu aliposikia habari ya skrini hajalala vizuri.

"Usiponisimamia pale mbele, nitakufa kwa aibu peke yangu," akasema. "Tukiwa wawili, nitaweza. Yakitoka, wewe fanya jambo, watu wakutazame wewe."

"Jambo gani?"

"Lolote. Zimia."

Kuombwa kuzimia mbele ya umati ni heshima ambayo Mbuke hakuwahi kupewa. Khanga ya kujitanda ikarudi kabatini papo hapo.

Siku ikafika. Mshereheshaji, Meshack mmoja mwenye koti la kung'aa, akamwita mama wa bibi harusi. Mbuke akatoka na mabaka yake na pengo lake, akajiona kwenye skrini, mkubwa kama mlango kweli. Elieth akamnyooshea kipande cha keki, machozi yanamtoka. Mbuke akaona kwamba mtoto wake haangalii marinda wala mabaka; anamwangalia mama. Akafungua mdomo wote. Akala. Krimu ikamwingia kwenye makunyanzi, Elieth akaifuta kwa kidole gumba, taratibu, mkunjo kwa mkunjo, na ukumbi ukapiga vigelegele.

"Ongeza," Mbuke akasema. Akaongezewa.

Zamu ya Epifania ilipofika, Mbuke alimwona shavu limekakamaa. Hakusubiri. Akaporomoka chini kama gunia la mpunga, miguu juu, kiatu kikamfikia Meshack kwenye koti. Kamera ikamgeukia, Elieth akapiga kelele, Mayala akaja mbio na ndoo ya barafu ya soda.

Mbuke akafungua jicho moja. "Yametoka?" akanong'ona.

"Hayajatoka," Epifania akajibu, mdomo umejaa keki.

"Basi niinueni, zulia linawasha."

Watu walipoanza kucheza, wazazi hao wawili walikaa kwenye meza ya pembeni na mabaki ya keki. Epifania ameyafunga meno yake kwenye leso na kuyaweka mapajani, hana habari na mtu. Walitafuna kwa fizi, polepole, wakitazama watoto wao.

"Wabeja, Mama Festo," Mbuke akasema.

"Wabeja nini, na mimi ndiye ninayekushukuru?"

"Kula kwanza," akasema Mbuke, akamsogezea upande wenye krimu nyingi.