Kumi na Tisa Aliowaua Mume Wangu

Mume wangu Twaha ameua watu kumi na tisa, na mara nne kati ya hizo aliyeuawa ni Albina.

Naanza na hilo ili mtu asije akasema nimelificha. Aliwaua mchana kweupe, kwenye mikorosho ya Mkotokuyana, mbele ya kamera ya Edwin, na kazi ilipokwisha wauawa wote wakanawa mikono wakala wali. Mpishi wa wali huo nilikuwa mimi.

Twaha si mtu wa mambo makubwa. Alizaliwa hapahapa, akasoma mpaka darasa la saba, akarithi kwa baba yake koti refu la turubai na kazi ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Msimu ukifika anabeba mota, mashine ya kupulizia, mgongoni, anajifunika kichwa kwa gunia lililotobolewa macho, anatembea mti hadi mti huku mota ikinguruma na vumbi la njano likipanda. Hakimbii. Mwenye mzigo ule mgongoni hakimbii, na mikorosho nayo haina pa kwenda. Nyumbani ni hivyohivyo: anatembea taratibu, anasema kidogo, anakula alichowekewa.

Hata kunioa alinioa taratibu. Mwaka 1995 mjomba wake alikuja kwetu na ujumbe, wazee wakaongea, wakakubaliana, nikaolewa. Wenzangu walikuwa na hadithi za kuviziwa njia ya kisimani, wengine walifuatwa tangu sokoni mpaka mlangoni kwao. Mimi sikufuatwa na mtu hata hatua tatu. Niliona ni heshima, nikanyamaza, tukamzaa Shamimu, maisha yakaenda.

Mwaka 2003 akaja Edwin, kijana wa Nachingwea mjini anayepiga video za harusi. Harusi ya kijijini ikiendelea, alikuwa kichakani anajisaidia wakati Twaha anatokea kwenye miti na gunia lake kichwani, mota inaunguruma. Edwin alipiga ukelele uliosikika mpaka kwa bibi harusi. Alipotulia, hakukasirika. Alimzunguka Twaha mara mbili akimtazama, kisha akasema, "Kaka, wewe ni filamu."

Ndivyo alivyozaliwa Mpuliza. Hadithi yenyewe haikuwa ndefu. Mpulizaji mmoja alichomewa shamba na vijana waliolewa uraka, pombe ya mabibo, akafia humo, na sasa kila msimu anarudi kulipa kisasi. Silaha yake ni mota na panga la ubao lililovishwa karatasi za pakiti za sigara. Damu ilikuwa juisi ya rozela. Salfa inawasha macho, kwa hiyo tulitumia unga wa muhogo, na maiti zote zikalala zimepakwa unga kama samaki wanaosubiri mafuta.

Sheria zake hata mtoto alizijua. Anayekwenda kunywa uraka na mchumba wa mtu, amekwisha. Anayesema, "Ngoja nikaangalie ni nini," amekwisha. Wakimbiao wanaanguka hata penye mchanga mtupu, na Mpuliza, anayetembea kama mtu anayekwenda kuulizia bei ya mbaazi, anawafikia wote. Sehemu ya kwanza alikufa kwa moto. Ya pili akarudi na koti lilelile, halijaungua hata kifungo. Wakamzamisha mtoni, wakamfukia, wakamgonga na lori la korosho, akarudi. Ya nne Edwin aliipa jina *Mpuliza: Mwisho Kabisa*, na kabla haijatoka alikuwa ameshaanza kutafuta watu wa kufa katika ya tano.

Sasa Albina. Albina ni jirani yetu, anakaanga maandazi karibu na shule, wazazi wake walitoka Msumbiji. Sikatai, sauti anayo. Akipiga ukelele kuku wanaacha kudonoa. Kwa hiyo sehemu ya kwanza akauawa. Watu wakamlilia sana, Edwin akamrudisha sehemu ya pili kama pacha wa marehemu. Akauawa. Ya tatu alikuwa binamu yao aliyetoka mjini, tofauti yake ni miwani tu. Akauawa na miwani yake. Ya nne alikuwa mwalimu mgeni, na hakuna mwanakijiji hata mmoja katika filamu aliyeshangaa kwamba mwalimu huyu anafanana na marehemu watatu.

Na kila mara, kabla ya kuuawa, alikimbizwa. Hapo ndipo paliponiuma. Mume wangu alimfuata mwanamke yule kutoka uzio wa shamba mpaka kisimani, dakika saba nzima, bila kuangalia pembeni. Niliketi chini ya mti na sufuria yangu nikawatazama. Twaha ambaye nyumbani huniuliza jambo akiwa amenipa mgongo, pale alikuwa na macho ya mtu mmoja tu duniani, kupitia matundu mawili ya gunia. Nilijua ni mchezo. Nilijua, na hata unga wenyewe ulikuwa wangu. Wivu hauulizi kama unajua.

Sehemu ya tatu nilikwenda kuitazama Ruangwa, kwenye banda la video. Vijana wa machimbo ya Namungo walijaa mpaka madirishani. Twaha alipotokea wakasimama wakashangilia kama timu yao imefunga bao. Msichana mmoja mbele yangu akamwambia mwenzake, "Mimi huyu akinifukuza sikimbii sana." Nilimtazama kisogo mpaka filamu ikaisha. Sikumbuki nani mwingine aliuawa.

Lakini kilichonimaliza kilitokea Malolo, tulikokwenda msibani. Mzee mmoja akamshika Twaha mkono kwa furaha, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akasema, "Na yule shemeji yetu Albina, hajambo?"

Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo, nimebeba kapu.

Twaha akajibu, "Hajambo." Basi! Hakusema huyu hapa ndiye mke wangu. Alijibu alichoulizwa, kama kawaida yake. Njia nzima ya kurudi sikuongea, na yeye, kwa kuwa ni Twaha, hakugundua mpaka kesho yake nilipomwekea ugali bila mboga.

"Mama Shamimu, kuna nini?"

"Niue."

Akaacha kunawa.

"Sehemu ya tano," nikasema. "Uniue mimi. Albina ameshakufa vya kutosha. Mwache apumzike."

Akasema nimwambie Edwin. Nikamwambia Edwin. Edwin akakuna kichwa: "Shemeji, kufa ni kipaji. Wewe hata ukelele hujui. Ukifurahi unacheka, ukikasirika unacheka." Nikamwambia na wali nao ni kipaji, akautafute kwa Albina. Siku hiyohiyo nikawekwa kwenye orodha ya wafu.

Nilijifunza kwa bidii. Niliteremka bondeni nikipiga ukelele peke yangu, na siku ya kwanza wanaume sita walikuja na majembe wakidhani ni nguruwe pori. Nilijifunza kukimbia huku nageuka nyuma. Nilijifunza kuanguka. Aliyenifundisha kuanguka alikuwa Albina mwenyewe, alikuja na maandazi ya moto akanionyesha namna ya kutanguliza kiwiko. Sikumwomba. Ukweli nitausema: ni mwanamke mwema, na hilo lilinichukiza zaidi.

Siku yenyewe ilikuwa Septemba 2007, upulizaji umekwisha na mota imepata nafasi. Kijiji kizima kilikuja. Nilivaa kanga mpya. Edwin akapaza sauti, "Twende!" Nikaanza kukimbia.

Nyuma yangu mota ikawaka.

Sijui niseme vipi. Miaka kumi na miwili nimeishi na mtu yule, na sikuwahi kusikia hatua zake zikinijia. Daima ni mimi nimfuataye: chakula kiko tayari, Baba Shamimu, maji yako bafuni, Baba Shamimu, mtoto anaumwa. Sasa yeye ndiye aliyekuja. Niligeuka, nikamwona anakata kati ya miti, polepole, gunia limenielekea mimi. Nikapiga ukelele, na ukelele ukatoka mzuri, nikamsikia Edwin akisema, "Lo!" Nikaongeza mbio kwa furaha. Nilikimbia kupita kisima. Nilihakikisha nimepita kisima, kwa sababu Albina hajawahi kufika zaidi ya hapo.

Kisha nikaanguka, kiwiko mbele, juu ya majani makavu. Nikauma kifuko cha rozela. Akafika. Akapuliza unga, nikawa mweupe mwili mzima. Akainua panga.

Panga likabaki juu.

"Shusha!" Edwin akaita.

Halikushuka. Mota ikazimwa. Twaha akafanya jambo ambalo hakulifanya katika sehemu zote nne: akavua gunia mbele ya kamera. Jasho lilimtiririka. "Edwin," akasema, "huyu siwezi. Niletee mwingine."

Wanawake wakapiga vigelegele. Albina alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akasema, "Shoga, una bahati wewe! Mimi mara nne hakutetemeka hata kidole." Kila mtu aliona ni mapenzi. Edwin alikuwa amekaa chini, ameshika kichwa, maana muuaji aliyeonyesha sura na kuona huruma hana sehemu ya sita.

Na mimi? Nilikuwa nimelala na rozela mdomoni, hasira imenijaa mpaka kwenye masikio. Dakika saba alimpa Albina, na panga juu yake. Mimi ananikatia katikati!

"Kwa nini yeye unamuua mpaka mwisho?" nikamuuliza.

"Yule ni kazi."

"Na mimi?"

Twaha akatazama panga lake la ubao. "Nilipokuona umelala chini," akasema, "nikasahau kwamba ni unga."

Hasira haikuondoka. Ilisogea kidogo tu. Nikainuka, nikakung'uta kanga, nikamwambia Edwin azime kamera.

"Vaa gunia," nikamwambia Twaha.

"Mama Shamimu, nimekwambia siwezi kukuua."

"Nani kataka kuuawa? Nifuate."

Akavaa. Akawasha mota. Sikukimbia tena, nilitembea, na njia niliyoshika haikuwa ya nyumbani. Nilipita mbele ya nyumba ya kina Albina. Mama yake alikuwa kibarazani anabangua karanga, akatuona, na ni mwanamke anayejua kusimulia. Nilipofika mwisho wa nyumba zote nikageuka, yupo. Nikaendelea mpaka barabarani, ambako sikuwa na shida yoyote, nikageuka tena. Alikuwa nyuma yangu, taratibu, anakuja.