Mfupa Uliotafutwa Kooni mwa Kamanda

Ipo siku moja, mwanangu Shija, ambayo hunirudia kila nikishika kikombe cha bati. Wenzangu hukumbuka harusi zao, mimi nakumbuka kikombe. Bibi yako alikuwa amekijaza maji ya mtungini, ya baridi, akampelekea kaka yangu Masanja aliyekuwa amelala ndani, homa inamchoma, analalamika kiu. Aliyaomba maji mwenyewe. Lakini kikombe kilipomfika karibu, koo lilimkaza, shingo ikakakamaa, akakipiga kikombe kikaruka mpaka ukutani. Huyo ndiye baba yako. Wewe ulikuwa bado tumboni mwa mama yako.

Umekua ukiambiwa kwamba baba yako alirogwa na wachimbaji wenzake, kwa kuwa yeye alipata dhahabu na wao wakakosa. Nimenyamaza miaka yote hii kwa sababu bibi yako aliniomba, na bibi yako sasa amelala kaburini hapa Samuye. Lakini Jumamosi ulipokuja na simu yako, ukanionyesha yule mtoto wa mbwa wa kizungu anayeuzwa Mwanza, masikio yamesimama, manyoya yanang'aa, nikaona kunyamaza kumetosha. Ukaniuliza, "Shangazi, ninunue huyu, au nimchukue yule koko ambaye mke wangu, Mama Kabula, anamlisha pale getini kwetu?" Ukacheka. Mimi sikucheka, ukadhani jino linaniuma.

Haya, kaa vizuri. Chai ipo, michembe ya viazi ipo, na leo huondoki kurudi Nyasubi kabla sijamaliza.

Miaka ile nilikuwa msichana, nafanya kazi ya mama lishe kwenye rashi moja upande wa Geita. Rashi unazijua, wewe si mgeni wa Kahama. Uvumi ukitoka kwamba mahali fulani mawe yana mali, watu hujaa, vibanda vinaota, kila mtu anachimba duara lake, shimo lake la dhahabu. Mali ikikata, wanahama wote kwa pamoja na kuacha nyuma sufuria zilizotoboka, viatu visivyo na wenzake, na mbwa. Lori la kwenda rashi mpya lina nafasi ya pampu na watu. Mbwa aliyelinda mifuko ya mawe yao msimu mzima anabaki anaukimbilia moshi wa lori mpaka anachoka. Hata yule wa getini kwako, si aliachwa na wapangaji waliohamia rashi nyingine? Ndivyo ilivyo mpaka leo.

Mmoja wa hao alinifuata mimi. Jike, rangi ya vumbi, sikio moja limechanika. Wachimbaji walikuwa wakimwita Marudio, jina la ule mchanga uliokwisha kuoshwa ukatupwa. Usinifanye mtu wa huruma, sikuwa nayo. Nilimchukua kwa kuwa kambi ilikuwa imebaki tupu na nilikuwa naogopa. Nikampakia kwenye lori la mkaa, utingo akanung'unika, nikamnyamazisha kwa sahani ya wali na maharage, tukafika Samuye.

Msimu huohuo baba yako duara lake lilitoa dhahabu. Loo! Masanja alirudi nyumbani amevaa miwani, na kando yake, kwenye mnyororo, mbwa mkubwa mweusi aliyemnunua kwa mfugaji wa Mwanza. Alimwita Kamanda. Kijiji kizima kilikuja kumtazama. Kamanda alikula nyama, sisi tulikula mlenda. Na sisemi hivi kwa wivu, alikuwa mbwa mzuri kwelikweli, mpole kwa watoto, hodari kwa fisi. Baba yako alikuwa akisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," huku anamtazama Marudio wangu.

Mzee wa nyumba yetu alikuwa baba mkubwa, Mzee Luhende, mtu wa maneno machache na fimbo nyepesi. Kwetu mbwa alikuwa hanunuliwi, aliombwa kwa jirani, na kabla hujapewa mtoto ulikwenda kwanza kumtazama mama yake: anakulaje, anabwekaje, anaishije na watu. Mzee alimzunguka Kamanda, kisha akauliza, "Mama yake umemwona?"

"Baba mkubwa, huyu ana ukoo mrefu kuliko sisi," Masanja akajibu. Watu wakaangua kicheko. Mzee akasema marahaba kwa shikamoo iliyokuwa haijatolewa, akaondoka zake.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Bwana mifugo alitangaza siku ya chanjo ya mbwa, uwanja wa shule. Siku hiyo huwa vurugu tupu: mbwa wa kijiji kizima wamefungwa kamba za ng'ombe, wanavutana, wanagombana, watoto wanapiga kelele, bwana mifugo anatokwa jasho. Mimi nilikuwa sitaki kwenda. Nilisema mbwa wa kuokota ana chanjo ya nini, akifa si amekufa? Mzee Luhende akanipa kamba mkononi. "Umemleta nyumbani, umeleta na meno yake. Twende." Nikaenda nimevimba mashavu, nikamshika Marudio akachomwa, akaninyea kwenye kanga.

Masanja hakwenda. Bwana mifugo alimtumia mtu kumwita, yeye akajibu kwamba Kamanda ametoka kwa mfugaji mwenye jina, huko kachanjwa tayari, hawezi kupanga foleni na makoko yenye kupe. Mwenyewe hakuiona sindano hiyo kwa macho yake. Aliambiwa, na kwa kuwa alilipa sana, akaamini. Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa dhahabu, mwanangu. Tukishalipa bei kubwa, tunadhani tumenunua na usalama. Na huku tunakaa kwenye ardhi inayotufundisha kila siku kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu!

Haukupita muda mrefu, bweha akaingia uani mchana kweupe. Bweha, mwanangu, mnyama anayemkimbia mtu hata kwa kivuli chake! Huyu alikuja anayumba, mate yanamdondoka, anauma hewa. Kamanda na Marudio wakamrukia pamoja, na wote wawili wakang'atwa kabla Mzee hajamaliza kazi kwa rungu. Mzee alituzuia tusimguse yule bweha, akamchoma kwa kuni palepale. Kisha akamwambia baba yako, "Kesho mpeleke mbwa wako mjini. Wa dada yako amechanjwa, na yeye mpelekeni akaongezewe." Mimi nilimpeleka wangu, maana fimbo ya Mzee niliijua. Masanja alisema atakwenda wiki ijayo, na wiki hiyo ikapita kama zilivyopita nyingine.

Siku moja asubuhi Kamanda akaacha kula. Sauti ya kubweka ikabadilika, ikawa kama mtu anayelia huku amezibwa mdomo. Taya limelegea, mate yananing'inia, anayatazama maji asiweze kuyameza. Baba yako akashikwa na uchungu, alimpenda mbwa yule, hilo sitalificha. Akasema, "Amekwamwa na mfupa." Mzee Luhende alikuwa amesimama zizini, akapiga kelele nisiyopata kuisikia kwake: "Masanja, mwache! Mbwa aliyeshindwa na maji usimtafutie mfupa!" Thubutu! Masanja alikwisha kupiga magoti, mkono umezama kinywani mwa Kamanda mpaka kwenye kifundo, anapapasa koo. Mfupa haukuwapo. Mkono ulitoka na mkwaruzo mdogo tu juu ya kidole gumba, mkwaruzo ambao hata mwiba wa mgunga ungekupa mkubwa zaidi.

Mzee alimwambia aoshe kwa sabuni na maji mengi, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akachomwe sindano. Alimwambia mbele yetu sote. Baba yako akafuta damu kwa suruali, akapaka jivu. "Sindano ni ya aliyeng'atwa," akasema. "Mimi nimeng'atwa? Huu ni mkwaruzo." Jioni yake Kamanda akafa. Masanja akamzika kwa heshima, akalia, kisha akarudi Geita kwenye duara lake. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Yeye hata tende haikuota, kidonda kilipona kikasahaulika.

Alirudi mvua za vuli zilipoanza. Alisema mkono ule unamwasha na kufa ganzi, akadhani ni kwa ajili ya kushika mtaimbo. Halafu homa, halafu kile kikombe. Upepo ukipita mlangoni alishtuka kama amepigwa. Tulimpeleka hospitali, daktari akamtazama, akatuuliza habari ya mbwa, kisha akamvuta Mzee pembeni. Dawa ya kichaa cha mbwa ilikuwa ni ya siku ile ya mkwaruzo, mwanangu. Dalili zikishafika hakuna tena wa kumrudisha mtu.

Kilichonitesa zaidi ni kwamba akili ilikuwa ikimrudia. Mara anatupa mikono na kupiga mayowe, mara ametulia, anatuita kwa majina. Katika kutulia huko ndipo aliposema mama yako asiletwe karibu, na akamwomba Mzee amfunge mikono kabla hajamuumiza mtu. Mzee Luhende akamfunga kwa kitambaa cha shuka, taratibu, huku machozi yanamtiririka ndevuni. Bibi yako alikuwa kila mara anachovya pamba kwenye maji amlowanishe midomo, na kila mara koo lile linakataa. Alikufa ana kiu, mwanangu. Katika nyumba yenye mtungi umejaa.

Matanga hayajaisha, maneno ya kurogwa yakaanza. Bibi yako akayashika, maana kwake ilikuwa nafuu mwanawe auawe na adui kuliko na mkwaruzo. Na mimi je? Mimi nilishika mchi, nikaenda nyuma ya nyumba kumuua Marudio. Alikuwa mzima, anakula, ananitikisia mkia, na kaka yangu amelala ardhini. Niliona ni tusi. Mzee Luhende akanikuta mchi uko juu.

"Unamuua kwa kosa gani?" akaniuliza.

"Kwa nini yeye aishi?"

"Anaishi kwa sababu ulimshika akachomwa sindano," akasema. "Si kwa sababu ana akili kumshinda Kamanda, wala si kwa sababu Mungu anawapenda waliookotwa. Kamanda naye angeishi, na Masanja angeishi. Sasa chagua, ng'wanawane, mwanangu: utawafundisha watoto wa nyumba hii kuua mbwa, au utawafundisha kuchanja?"

Niliuweka mchi chini. Nilikuwa na hasira naye mwezi mzima. Lakini neno lile liliniingia na halijatoka, na ndilo ninalokupa wewe leo.

Sasa nasaha yangu, uisikie yote. Unaniuliza wa kununua au wa kuokota, na mkeo anadhani huruma yake itamlinda mtoto wenu Kabula, na wewe unadhani pesa yako itamlinda. Aka! Huruma haichanji, na bei haichanji. Ukitaka kununua, nenda mwenyewe Mwanza, umwone mama wa mbwa huyo na mahali anapolala. Mfugaji akikwambia mama yake hayupo, rudi nyumbani. Neno lake kuhusu sindano lisikie, kisha umwite bwana mifugo wako mwenyewe athibitishe. Na ukimchukua wa getini, usimfungulie mlango leo kwa kuwa anatia huruma. Mwache kwanza bwana mifugo amtazame na kumchanja, umweke mahali pake peke yake, Kabula asimchezee mpaka umemjua tabia. Kila mwaka umrudishe kwenye chanjo, foleni na kupe na aibu zote.

Mimi ukinilazimisha nikuchagulie, ningemchukua yule wa getini. Mama Kabula ameishi naye, anajua anavyokula na anavyowatazama watoto, na yule wa kwenye simu unamjua manyoya tu. Lakini nyumba ni yako.

Na hili uliweke juu ya yote. Mbwa yeyote, wako au wa jirani, wa bei au wa bure, akimng'ata mtoto au akimkwaruza tu kwa jino, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, osha mpaka mkono uchoke, kisha hospitali siku hiyohiyo, na sindano zote mzimalize. Usiniambie ni mkwaruzo. Neno hilo nisilisikie kinywani mwako, nimekwisha kulisikia mara moja kutoka kinywa kinachofanana na chako.

Mficha maradhi kilio humuumbua, nasi tumeficha vya kutosha. Nenda ukamwambie mkeo ukweli, na Kabula akikua mwambie babu yake alikufa vipi, bila kumtaja mchawi yeyote.

Njoo hapa, inama nikushike kichwa. Mungu akupe uzee ambao baba yako hakuupata. Mbwa wako akujue, na mlango wako ufunguliwe na wajukuu. Na siku ya mwisho, mwanangu, ukiwa umelala na watoto wako wamekuzunguka, mmoja wao akuletee maji kwenye kikombe, nawe uyanywe yote.