Gesi ya Ng'ombe wa Mzee Wangwe

"Mama Nyangi, huyo mpangaji wako anafungia ushuzi wa ng'ombe wangu kwenye bomba wa nini?"

Mniwie radhi, ndivyo jirani yangu Mzee Wangwe alivyoniuliza, tena mbele ya watu, tunatoka kanisani. Mpangaji ni Madam Kokushubira, mwalimu wa fizikia aliyeletwa kwetu Kisaka kutoka Kagera. Binti mpole, ila ukimkosesha ndizi wiki nzima utamsikia.

Anafundisha huku anasoma shahada ya pili. Gesi aliichota kwenye mtambo wa samadi wa Mzee Wangwe, akaitia kwenye bomba la kioo, akapitisha mwanga. Kwenye kompyuta ukatokea mstari uliozama kama mtaro.

"Mama, molekuli za gesi ni kama ng'ombe," alinieleza. "Zikiwa chache, kila moja inakula mwanga wa rangi yake kwa utulivu, mtaro unakuwa mwembamba. Zikijazana zinagongana kama mlangoni pa zizi, mtaro unapanuka. Napima upana nijue zinagonganaje."

Kwanza aliutaka mtaro mwembamba kabisa, ndipo aongeze gesi kidogo kidogo. Mashine ya kupimia aliazima chuoni, Jumamosi inarudi. Akikosa vipimo, masomo yanasogea mwaka mwingine.

Jumatano akaniambia ameinyonya gesi kwa pampu, molekuli zimebaki chache sana. Chache! Moyo ukaniuma. Alipokwenda shuleni, kina mama wa maombi wakaja kwangu kama kawaida, nikawaeleza shida ya binti. Tukaingia chumbani kwake, Mama Beatrice akalishika bomba kwa mikono miwili, akalitikisa kwa imani: "Baba, hizi chache uziongeze, zijae mpaka zisukumane!" Tukasema amina.

Asubuhi mtaro ulikuwa mpana kama Mto Mara wakati wa masika. Nikapiga vigelegele, nikamsimulia Madam jinsi tulivyoliombea bomba. Mzee Wangwe akaja mbio.

"Si nilisema? Ng'ombe wangu hata hewa yao inazaa!"

Madam akainama kwenye kizibo. Mpira wa kuzibia ulikuwa umechomoka, hewa ya nje imeingia. Akakaa chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka, nami sikujua ni machozi ya namna gani.

Akaanza upya. Ijumaa mtaro ukawa umerudi mwembamba, akabakiwa na siku hiyo tu ya kupima. Kina mama tukasimama mlangoni kwake, Mama Beatrice mbele, mikono tayari. Tukamwuliza tumwombee nini.

"Shikamooni, mama zangu. Niombeeni mpira usichomoke. Ila naomba mkaombee kule kule kanisani."