Mkia wa Mkanda wa Tano

Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1976, mwendesha projekta wa jumba moja la sinema aliandika kwenye daftari la chumba cha mashine: "Mkanda wa tano, mkia umekatwa, dakika mbili na nusu." Akatia sahihi. Daftari lipo, na wino bado unasomeka.

Mwenyewe alikuwa amesahau. Leo ana miaka sabini na minne, na kwa miaka ishirini amekuwa akisaka muziki wa filamu za zamani za Ulaya, hasa zile ambazo hata huko kwao hazikumbukwi. Santuri zimejaa chumbani mwake mpaka kitanda kimebanwa ukutani. Kila moja huishika kwa kingo, baada ya kunawa mikono. Wanaozishika vinginevyo anawaita wachinjaji.

Muziki mmoja umemshinda. Ulikuwa mwishoni mwa mkanda wa tano, ule wa mwisho, wa filamu aliyoijaribu peke yake siku moja kabla ya onyesho la kwanza: tarumbeta, na mwanamke anayeimba bila maneno. Jina lililokuwa kwenye bango lilibuniwa na mchoraji wa mabango. La asili hakulijua. Majina ya mwanzo yalikuwa yameshanyofolewa kabla nakala haijafika. Wakusanyaji kumi na mmoja wa Ulaya aliowaandikia walimjibu jambo lile lile: tupe jina la mtunzi. Naye akawajibu kuwa wachinjaji walilikata.

Mwezi uliopita jumba liliuzwa ligeuzwe duka la vigae. Mdogo wake wa kike, aliyewahi kuuza tiketi pale, aliitwa kuondoa makorokoro. Akamletea kaka yake daftari na kopo la biskuti.

"Huu mwandiko wa nani, kaka?"

Alisoma mara mbili. "Meneja ndiye aliyetaka. Watu wa onyesho la pili walikuwa wanangoja nje."

"Haya, meneja alitaka. Mkasi alishika nani?"

"Hebu niache."

"Nikuache vipi? Miaka ishirini unatuchosha na wachinjaji wako, kumbe bucha lenyewe lako!"

Kaka mtu alifungua kopo. Harufu ya siki ikawapiga usoni. Mdogo mtu akaziba pua kwa ukosi wa blauzi. Ndani, ule mkia wa filamu uliokatwa ulikuwa umelainika na kugandamana, rangi ya kohozi, ukiacha utelezi vidoleni. Kaka mtu akajifuta kwenye shati, akavinusa vidole, akakunja uso.

"Uchafu," alisema. Kisha tena: "Uchafu mtupu." Hakuwa akiitazama filamu. Alikuwa akiitazama sahihi.

Mizunguko ya juu tu ndiyo iliyopona. Pembeni mwake ulionekana mstari mweupe unaopindapinda, ambao ndio sauti yenyewe: mita saba, yaani sekunde kumi na tano za muziki. Kwa lenzi alisoma neno la kigeni lenye maana ya muziki, na chini yake jina lililoliwa na uozo, zikabaki herufi nne.

Kilichopona kilipaswa kutenganishwa na kilichooza. Mdogo wake alimnyooshea mkasi.

"Kata wewe," kaka mtu alisema. "Mimi nimeshakata vya kutosha."

Akakata mdogo mtu, huku amegeuza uso kuikwepa harufu.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, atakipeleka kipande hicho kwenye maabara ya filamu ili sauti yake isomwe. Kaka yake hataenda. Atabaki nyumbani kuandika barua kumi na moja, za kusema ni nani aliyekata.