Kiya ni Mkono Gani

Nilimchukia kabla hajagusa mpira. Nilimchukia alipoinama kupita kwenye mlango wa ofisi ya mfadhili wetu, raba zake kazitia kwenye mfuko wa rambo, na mfadhili, ambaye kwangu hajawahi kunyanyuka kitini, akanyanyuka kumpokea.

Mfadhili huyo ni mnunuzi wa dhahabu hapa Kahama. Ndiye anayetulipa mishahara, anayetununulia jezi na kutukodia basi tukienda kucheza nje. Msimu uliopita tulishika mkia. Akatuita wote, akasema kwa lugha ya wachimbaji, ambayo haiachi hata akiwa msibani, kwamba duara, yaani shimo la dhahabu, lisilotoa kitu hufukiwa, watu wakachimba kwingine. Watano kati yetu waliagwa siku hiyohiyo. Mimi nilibakizwa. Kwa miaka tisa nilikuwa nahodha na namba moja, mtu wa kupandisha mpira na kuamua uende kwa nani, kwa hiyo nikadhani nimebakizwa kwa heshima hiyo.

"Wewe utamlea huyu," mfadhili akaniambia, akimwonyesha yule kijana kwa kidevu. "Timu nzima tunaijenga juu yake. Acheze mechi ya Geita nimwone. Akinifurahisha, namsainisha. Asiponifurahisha, arudi kwa ng'ombe wa baba yake."

Kijana alikuwa na miaka kumi na tisa, Msukuma wa kijijini, huko ndani ukishapita Kagongwa. Mpira wa kikapu aliujulia sekondari. Akanisogelea, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo kaka."

Nina miaka thelathini na minne. Kwenye timu yetu watu husalimiana "niaje" na "mambo", basi. Lakini yeye kila jioni, mbele ya wenzangu wote, alinipa shikamoo yangu kama vile nimekuja kuulizia pensheni, na marahaba sikuwa na jinsi ya kuinyima. Baada ya wiki moja wengine nao wakaanza kuniamkia, wakicheka. Yeye hakuwa anacheka. Angekuwa na kiburi ningepata pa kumshikia, lakini adabu yake ilinifunga mikono.

Na alikuwa anajua mpira. Niseme ukweli, alikuwa anajua kuliko mimi nilivyowahi kujua siku yoyote ya maisha yangu. Mazoezini nilimtupia pasi mbovu makusudi, nyuma kidogo ya bega, ili aonekane mzembe. Alizidaka kama mtu anayepokea kikombe cha chai, akageuka, akafunga. Kisha akaniinulia kidole gumba, kunishukuru kwa pasi. Akina mama wanaouza karanga kando ya uwanja wetu wa Nyahanga, ambao miaka yote waliniita "nahodha wetu", wakaanza kuniuliza kama yule mrefu amefika. Hata binti yangu, niliyemleta mwenyewe aje kumwona baba yake, alikwenda kwa yule kijana kuomba anyanyuliwe aguse ringi. Nilimwona mwanangu kule juu anacheka, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Sasa kulikuwa na kitu kimoja kwenye timu ile ambacho kilikuwa changu, na hakuna aliyeweza kuninyang'anya. Ilikuwa ni maneno yetu ya uwanjani. Niliyatunga mimi. Mimi si Msukuma. Baba yangu alikuja kutoka Kigoma kufuata dhahabu, akaishia kuuza mitumba. Lakini nimekulia hapa, na najua kwamba mashariki Wasukuma huiita kiya, na magharibi huiita ng'weli. Nikayachukua maneno hayo mawili. Nikipandisha mpira na kupiga kelele "kiya!", mfungaji anakimbilia upande wa kulia, nami natupa pasi huko bila kutazama. Nikisema "ng'weli!", anakwenda kushoto. Ujanja wake ulikuwa hapa: kwetu kiya ni mkono wa kulia siku zote, hata kama uwanja umelala vipi. Mpinzani wa kutoka pwani hakuelewa neno, na mpinzani anayejua Kisukuma alipotea zaidi, kwa sababu yeye alilinda mashariki yenyewe.

Mwalimu wetu wa timu akaniagiza nimfundishe kijana maneno hayo. Nikamwita pembeni.

"Nikisema kiya, kata kiya. Nikisema ng'weli, ng'weli. Umeelewa?"

Akacheka kwa furaha. "Hayo nayajua kaka. Si ya nyumbani hayo?"

Kile kicheko kilinichoma. Maneno yangu ya miaka tisa, na yeye ananiambia ni ya kwao. Nikaondoka bila kumalizia somo, na wakati ule lilikuwa ni suala la hasira tu, si hila. Hila ilikuja baadaye. Uwanja wetu ringi moja ilikuwa imepinda, inasubiri fundi, kwa hiyo tulifanya mazoezi yote kwenye ringi ya kaskazini. Ukitazama kaskazini, mashariki iko kulia kwako. Kila nilipoita, alikwenda sawa, na hakuna aliyegundua kitu.

Mimi niligundua. Siku mbili kabla ya safari aliniambia, "Kaka, sogea ng'weli kidogo, umekanyaga jezi yangu." Nilikuwa nimegeukia kusini, na ng'weli aliyonionyesha ilikuwa kulia kwangu. Nikaelewa palepale kwamba huyu, kama watu wa kwao, hatembei na kulia wala kushoto kichwani. Anatembea na jua. Ningeweza kumwambia kwa sentensi moja. Nikasogea, nikanyamaza.

Geita tulicheza saa tisa alasiri. Nusu ya kwanza tulishambulia ringi ya kaskazini, na kijana alicheza mpira ambao sitaki kuusimulia. Watu waliokuja kuishangilia timu yao walikuwa wanamshangilia yeye. Mfadhili alikuwa amesimama juu ya kiti. Kila pasi ilitoka mikononi mwangu, na hakuna hata mmoja aliyenitazama mimi.

Kisha yakaja mapumziko, na timu zikabadilishana ringi. Nilikaa benchi na chupa yangu ya maji, nikaitazama ile ringi ya kusini, na nikajua kitakachotokea kama ninavyojua jina langu. Alikuwa amekaa pembeni yangu, goti lake karibu na langu. Akaniuliza, "Kaka, kuna kitu nirekebishe?"

Nikamwambia, "Hapana. Endelea hivyohivyo."

Robo ya tatu nikaita "kiya!" na kutupa mpira kulia. Yeye akachomoka mbio kwenda kushoto, mashariki halisi. Mpira ukatoka nje. Nikaita tena, ukatoka tena. Nikaita "ng'weli", akagongana na mwenzetu. Uwanja mzima ukaanza kucheka. Mtu akapaza sauti, "Huyo mchunga ng'ombe hajui mkono anaolia ugali!" Kila alipokosea alinigeukia na kujipiga kifua kuomba radhi. Nami nilitikisa kichwa kama mtu anayevumilia mengi. Tungeweza kutumia ishara za mikono, na mimi ndiye nahodha, lakini niliendelea kuita. Tulifungwa.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo mfadhili aliuliza kulikoni. Kijana akasimama. "Kosa langu, mzee. Kaka aliita vizuri, mimi ndiye niliyechanganyikiwa." Mfadhili akamwambia Jumatatu afungashe. Nami nilifurahi. Sitalipaka rangi jambo hili: nilirudi Kahama nikipiga mluzi, na mke wangu akaniuliza kama tumeshinda.

Kilichonikalia kooni si huruma. Ni ile "kaka aliita vizuri". Niliigeuzageuza siku nzima ya Jumapili na haikushuka. Mchana nikaenda kwa mwalimu, nikamkuta anapaka raba zake chokaa, nikamweleza yote, tangu ile jezi mpaka yale mapumziko. Hakunigombeza. Aliendelea kupaka kiatu mpaka kikaisha, kisha akasema, "Sasa hayo ukamwambie mfadhili. Halafu kesho uwaambie wenzako, na yeye awepo."

Mfadhili alinisikiliza akiwa amekaa. Akasema kijana atasaini, na unahodha niuweke mezani.

Jumatatu nikasimama katikati ya uwanja na kuwaambia wenzangu. Nilitegemea kijana anitukane, na nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Yeye alikunja uso akifikiri, kisha akauliza, "Kwa hiyo kwenu kiya ni mkono wa kulia? Hata ukigeuka?"

"Hata ukigeuka."

"Mayu wane!" Akashika kiuno, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Sasa kaka, ukienda haja porini utarudije nyumbani?"

Timu nzima ikaangua kicheko. Na mimi nikacheka, ingawa niliona jinsi walivyokuwa wakimtazama. Mimi sikuwahi kutazamwa hivyo, hata siku nilizoshinda.

Alipoketi kunywa maji nikamfuata, nikamwomba radhi tukiwa wawili tu. "Nilikuwa nimeshashtuka kaka, pale mbele yao nimejifanya tu," akasema. "Mara ya tatu pale Geita nilishaona kwamba unaita kulia. Lakini nikasema, nikianza kukimbia kulia, watu watajua kwamba wewe hukunifundisha." Akanywa maji yake. Hata kwenye ubaya wangu mwenyewe alikuwa amenitangulia.

Mechi iliyofuata tulicheza nyumbani, na nilianzia benchi. Yeye ndiye aliyepandisha mpira. Zikiwa zimebaki sekunde chache, tukiwa nyuma kwa pointi moja, alichezewa rafu akapewa mitupo miwili. Binti yangu alikuwa magotini kwangu, amekunja ngumi. Wa kwanza ukaingia, tukasawazisha. Nikaruka naye, nikashangilia kuliko mtu yeyote uwanjani pale. Kisha nikakaa, nikafumba macho, nikaomba akose wa pili.