Mfuko wa Mchanga Juu ya Stuli

Ninafundisha fizikia katika sekondari moja ya Bukoba, na miaka yote nimekuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba kitu kikitulia haina maana kwamba hakivutwi. Kinaweza kuvutwa huku na huku kwa wakati mmoja, mradi nguvu zinalingana. Nachora kiboksi ubaoni, nakiwekea mishale miwili, basi, twende mbele. Sikuwahi kufikiria kwamba siku moja kiboksi hicho kingekuwa mama yangu mzazi.

Mama ni mkulima wa migomba na kahawa huko Kamachumu. Masika ya mwaka huu alikuwa anatoka Kemondo kwa bodaboda, ikateleza kwenye tope na kumwangukia pajani. Mfupa ukakatika. Nilipofika wodini nilipigwa na butwaa. Walikuwa wamempitisha pini ya chuma chini ya goti, pini imefungwa kamba, kamba imepita juu ya kapi dogo kwenye ukingo wa kitanda, na mwisho wake unaning'inia mfuko wa mchanga. Upande wa miguuni kitanda kimeinuliwa kwa matofali. Mama yangu, mzee wa watu, amefungwa kamba kama mbuzi wa mnadani!

Nilimvaa daktari kwa maneno. Kijana wa watu hakukasirika. Alinieleza kwamba misuli ya paja ina nguvu mno; mfupa ukivunjika, misuli inavuta ncha zake mpaka zinapishana, na zikiunga hivyo mguu unabaki mfupi. Mchanga unavuta kuelekea miguuni. Uzito wa mama mwenyewe, kwa kuwa kitanda kimeinama, unavuta kuelekea kichwani. Hapo katikati mfupa unatulia na kuunga.

"Mfuko usiguswe," akasema. "Hata kwa dakika moja."

Niliielewa hesabu hiyo vizuri, lakini kuielewa hakukunisaidia kupata usingizi. Kila jioni nikitoka kazini nilipitia wodini kabla ya kurudi kwangu Buhembe, namkuta amelala chali vilevile, namuuliza kama anaumwa, ananijibu siyo sana. Hofu yake ilikuwa moja tu, nayo aliisema waziwazi: asije akarudi Kamachumu anachechemea, akashindwa kuingia kibanjani kwake. Migomba ile ameipanda kwa mkono wake, na hana mtu wa kumwachia.

Jumamosi moja nilifika mchana. Mama mdogo, yule anayemfuata mama kwa kuzaliwa, alikuwa amekuja kumwona kwa mara ya kwanza, ameleta ndizi alizozipika alfajiri, bado zimefungwa kwenye majani. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amemshika dada yake mkono, anampa habari za nyumbani huku anacheka. Mama hakuwa anacheka. Jasho lilikuwa linamtiririka na pindo la kanga amelibana kwa meno. Kutazama miguuni, kamba imelegea. Mfuko wa mchanga umekalishwa juu ya stuli, tena umetandikiwa kitambaa.

"Mama mdogo, umefanya nini?"

"Nimempumzisha kidogo, waitu. Mtu anavutwa usiku na mchana, ninyi hamna huruma?"

Moyo ulinilipuka. Nilipiga kelele bila kujali wagonjwa wengine, na nesi akaja mbio. Alipouachia mfuko taratibu na kamba ikakaza tena, mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na mimi ni mtoto wake wa kwanza. Kwa maisha yangu yote nitashangaa kwamba jambo baya kiasi kile lilifanywa na mtu aliyekuwa anatabasamu.

Alipigwa picha upya. Ncha za mfupa zilikuwa zimepishana. Daktari akaagiza mchanga uongezwe na siku za kulala pale zianze kuhesabiwa upya, na safari hii hakutuahidi kwamba mguu utabaki na urefu wake. Mama mdogo aliyasikia hayo akiwa mlangoni. Akajikalia sakafuni, mikono kichwani.

"Nilimwonea huruma tu," akawa anarudia. "Huruma tu, jamani."

Nilimkasirikia, sifichi. Lakini tulipobaki wawili na mama, hasira yote ikamhamia yeye. Daktari alimwonya yeye kabla yangu. Nesi alikuwa pale pale, angeita tu. Nikamuuliza kwa nini alijilaza kimya na mfupa wake unaharibika.

Aliinua macho darini.

"Ametoka mbali," akasema. "Alipoweka ule mfuko alifurahi sana, akaniuliza kama nimepata nafuu. Nikamwambia ndiyo."